Kiatu cheusi ndo kilinifundisha kupiga picha za watu (uzi wa mwanga na kuediti, njooni tubishane)

Kivuli cha Saa Nane (mleta uzi)

Wakuu habari za mda huu. Nimekaa humu muda mrefu nasoma tu nyuzi za watu bila kuchangia, leo nimeona na mimi nilete wangu maana swali ni lile lile linarudi kila baada ya siku mbili: "nikimpiga picha mtu mweusi anatoka kijivu kama kajipaka majivu, au sura haionekani kabisa, ninunue kamera gani?" Na majibu huwa yale yale, nunua hii, achana na ile, tafuta lenzi ya f/1.8. Mimi nimepita huko. Nilinunua. Sura ziliendelea kuwa kijivu vile vile, tofauti ni kwamba sasa zilikuwa kijivu chenye pikseli nyingi.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa familia ya watu watano, sebuleni, jioni. Nikaweka flashi juu ya kamera, nikawaelekezea usoni moja kwa moja, paa paa paa. Nyumbani nafungua laptopu nakuta kila paji la uso lina doa jeupe linawaka kama kioo, pua ina doa, mashavu yamepauka, nyuma yao ukutani kuna vivuli vyeusi vimewaganda kama stika. Nikawatumia hivo hivo. Mama wa ile familia akajibu neno moja tu, "Asante." Mnaijua ile asante.

Sasa kiatu kinaingiaje. Nilikuwa nauza kiatu changu cheusi cha ngozi mtandaoni, kimepigwa dawa mpaka kinang'aa. Nakipiga picha chini ya taa ya chumbani kinatoka kama shimo jeusi lenye doa moja jeupe puani, hujui mbele wala nyuma. Naongeza mwanga, shimo linageuka la kijivu, doa linazidi kuungua. Nikakichukua kwa hasira nikakiweka kwenye kiti pembeni ya dirisha niende zangu. Kugeuka hivi naona mstari mrefu wa mwanga laini umeanza kidoleni umepanda mpaka kisiginoni, mshono unaonekana, mkunjo wa pale mguu unapokunjwa unaonekana, na bado kiatu ni CHEUSI. Nikakizungusha kidogo, mstari ukahama. Nikakizungusha tena, ukapotea. Nikakaa chini na kile kiatu kama mtoto na toi.

Kitu nilichokiona pale ndo uzi wote huu. Kitu cheusi hakionyeshi umbo lake kwa mwanga kinaounywa, kinalionyesha kwa mwanga kinaourudisha juu juu, yaani mng'ao. Ngozi ni hivo hivo. Mwanga ukifika usoni kuna sehemu inaingia ndani ya ngozi inazunguka humo inatoka na rangi, na kuna sehemu inagonga juu na kuruka kama inavyoruka kwenye maji. Ile inayoingia ndani, ngozi nyeusi inaimeza nyingi kuliko ngozi nyeupe. Lakini ile inayoruka juu juu ni karibu sawa kwa watu wote. Kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi mng'ao ndo unafanya kazi kubwa ya kuchora shavu, taya na pua, na mng'ao una tabia moja, unaakisi umbo la kile chanzo cha mwanga. Chanzo kikiwa kidogo kama balbu au flashi tupu, unapata doa dogo linaloungua. Chanzo kikiwa kipana kama dirisha, unapata utepe mpana unaotembea na umbo la uso.

Kwa hiyo swali la kujiuliza sio "mwanga unatosha?" Ni "uso wake unaakisi nini?" Jiulize hivo kila unapomweka mtu. Kama anaakisi balbu, hamisha. Kama haakisi chochote, hamisha pia.

Zoezi la wiki hii: tafuta kiatu cheusi au kitu chochote cheusi kinachong'aa, dirisha moja lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima taa zote. Kizungushe polepole nyuzi kumi kumi na kila hatua piga. Usiguse mtu mpaka uweze kusema kabla ya kubonyeza mng'ao utakaa wapi. Mimi ilinichukua siku nne na mke wangu alidhani nimechanganyikiwa.

---

MgeniWaJuzi

Naweka kambi hapa. Mimi ni wa simu tu mkuu, hii inanihusu au ni ya wenye makamera?

---

Kivuli cha Saa Nane

Inakuhusu kuliko wao. Dirisha halijui umeshika nini mkononi.

Ila simu ina mambo matatu yake. La kwanza, lenzi yake kuu ni pana, nyingi ziko kama milimita 24 mpaka 26 ukilinganisha na kamera ya filamu ya zamani, kwa hiyo ukitaka uso ujaze fremu lazima usogee puani kwa mtu, na ukisogea hivo pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Sio lenzi inayoharibu, ni umbali. Weka zoom ya mara mbili (2x) alafu rudi nyuma hatua mbili, utaona uso umerudi kuwa uso.

La pili, gusa uso kwenye skrini, kitatokea kijua kidogo au mstari, kiburute CHINI kidogo. Watu wengi wanaburuta juu. Ntaeleza kwanini chini.

La tatu, futa lenzi. Sicheki. Nusu ya picha zenye ukungu humu ndani ni mafuta ya vidole.

---

ChumbaGiza

Hapo kwenye kuburuta chini wengi watakubishia mkuu, maana ushauri uliozagaa ni kwamba mtu mweusi mwongezee mwanga. Ngoja nisaidie kidogo, mimi nilianzia filamu.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimefundishwa kwamba dunia kwa wastani ni kijivu, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga tunayoisemaga. Sasa ukijaza fremu na uso mweusi, chenyewe kinaona "aah, pana giza hapa", kinaongeza, na uso mweusi unakuwa kijivu. Hayo ndo majivu anayolalamikia kila mtu. Ukimweka mtu yule yule mbele ya ukuta mweupe au mbingu, kinaona "pamewaka sana", kinapunguza, na uso unazama. Mtu ni yule yule, mwanga ni ule ule, picha mbili mbovu kwa sababu mbili zinazopingana. Ndo maana sheria ya "ongeza" au "punguza" peke yake haina maana, inategemea kuna nini kwenye fremu.

Alafu kuna historia hapa watu hawaijui. Zamani maabara za kusafisha picha za rangi zilikuwa zinatumia kadi ya Kodak kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zikaitwa Shirley. Rangi ya ngozi yake ndo ikawa kipimo cha "sawa". Ukimpiga mtu mweusi na mzungu kwenye fremu moja, mzungu yuko vizuri, mweusi yamebaki macho na meno. Na malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi za giza hayakutoka kwa watu weusi, yalitoka kwa viwanda vya samani na vya chokoleti, mbao zao na chokoleti zao hazikuwa zinatofautiana kwenye picha. Wakati filamu mpya zinatoka wakazitangaza kwamba zinaweza kupiga farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Farasi.

Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zimekuja baadae kabisa, miaka ya 1990.

---

dada_wa_fremu

Chokoleti 😩 aisee.

---

Fundi Flashi

Mimi naona mnazungushana. Flashi ina shida gani? Nimefanya kazi za usiku miaka, dirisha usiku unalitoa wapi? Usiku hakuna dirisha ndugu zangu. Mtu anakupa kazi saa mbili usiku unamwambia subiri kukuche nikukalishe dirishani? Viatu viatu, tuongee kazi.

---

Kivuli cha Saa Nane

Fundi nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Flashi haina shida, shida ni udogo wake. Kile kioo cha mbele kina upana wa vidole vitatu. Igeuze kichwa, elekeza kwenye ukuta mweupe wa pembeni yako au kona ya juu pale ukuta unapokutana na dari, mwanga unagonga pale unasambaa unarudi, sasa chanzo chako sio vidole vitatu tena, ni nusu ya ukuta. Umejitengenezea dirisha usiku wa manane.

Uangalie tu rangi ya ukuta. Niliwahi kugongesha kwenye ukuta wa kijani hafifu, nilidhani ni hafifu kiasi cha kutodhuru, watu wote walitoka kama wana homa ya manjano.

Na dari peke yake silipendi. Mwanga ukitoka juu kabisa macho yanakuwa mashimo. Pembeni na juu kidogo, kama nyuzi 45 hivi, mpaka uone kapembetatu ka mwanga kwenye shavu la upande wa kivuli. Wazungu wanaita mwanga wa Rembrandt, yule mchoraji, kwa sababu sura nyingi alizichora hivo.

---

Fundi Flashi

Hapo sawa. Kumbe tunaongea lugha moja. Niongezee kwa wanaoanza: ukiwasha flashi usipandishe shata (kasi ya pazia la kamera) hovyo. Kamera nyingi mwisho wake ni 1/200 au 1/250 ya sekunde, ukizidisha bila kuweka ile modi maalum unapata mkanda mweusi umekata picha, na usihangaike kwenda kwa fundi, kamera ni nzima, ni pazia la shata limeingia kwenye fremu wakati flashi inawaka. Niliwahi kurudisha kamera dukani kwa hilo. Aibu.

Alafu mwanga wa flashi unakufa haraka sana na umbali, ukisogeza taa ndogo kutoka mita moja kwenda mbili haibaki nusu, inabaki robo. Mita tatu unabaki na sehemu moja ya tisa. Ndo maana mtu wa mbele anaungua na wa nyuma haonekani, wapange wote wawe umbali sawa kutoka kwenye taa au rudisha taa mbali na uongeze nguvu.

---

mama_lenzi

Nimefanya zoezi jamani. Kiatu nimekielewa kabisa, nikajiona fundi, nikamwita mdogo wangu nikamkalisha dirishani. Balaa. Upande mmoja wa uso bluu bluu, upande mwingine rangi ya machungwa kama amekaa na moto. Na ule upande wa mbali na dirisha umepotea, nusu uso. Na macho yake yamekufa, sijui nieleze vipi, yapo ila hayapo. Nimekosea wapi?

---

Kivuli cha Saa Nane

Dada umekosea vitu vitatu na vyote nilivikosea mimi kwa mpangilio huo huo, kwa hiyo usihuzunike.

Rangi mbili: uliacha taa ya chumbani imewaka. Balbu ya manjano iko kama Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 mpaka 3200, mwanga wa mchana karibu 5500, na mwanga wa kivulini unaotoka kwenye mbingu ya bluu unaweza kupita 7000. Jicho lako linasawazisha lenyewe hulioni, kamera inachagua rangi moja tu ya kuiita nyeupe, nyingine inabaki kama ilivyo. Hakuna slaida ya programu ya kuediti itakayorekebisha zote mbili kwa pamoja. Zima taa. Taa ndogo ya jikoni kule nyuma mlango uko wazi nayo zima.

Nusu uso: ule upande wa kivuli unahitaji kitu cha kuakisi. Rudi kwenye swali letu, shavu la kushoto linaakisi nini? Linaakisi chumba chenye giza. Mpe kitu cheupe, shuka, boksi lililopakwa rangi nyeupe, hata shati jeupe ukilivaa wewe mpigaji linasaidia. Lisogeze karibu mpaka karibu liingie kwenye fremu alafu rudisha nyuma polepole huku unatazama, utaona shavu linatoka gizani na kuzama tena. Simamisha pale unapopenda. Na kuna siku utafanya kinyume, utaweka nguo NYEUSI upande ule ili kivuli kikolee, hasa kwa mtu mwenye uso mpana anayetaka uchongwe.

Macho: hayana nyota. Ile nukta nyeupe ndani ya jicho ni dirisha lenyewe limeakisiwa. Kama dirisha liko pembeni sana au nyuma yake, jicho halilioni. Usihamishe dirisha 😂 mwambie ageuze kidevu taratibu kuelekea kwenye mwanga mpaka nyota iwake, alafu macho yarudi kwako.

---

MgeniWaJuzi

Na mistari mistari inayopita kwenye picha ndani ya nyumba? Nikipiga nje hamna.

---

ChumbaGiza

Taa hizo. Umeme ukiwa wa hezi 50 taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, wewe huoni, shata ya haraka inaona. Weka 1/50 au 1/100. Umeme wa hezi 60, weka 1/60 au 1/120. Imeisha hiyo.

---

Pikseli Pori

Haya tuje kwenye kuediti maana mmekwepa. Mimi napakua presets (mipangilio ya kuediti iliyoandaliwa tayari), kwenye picha ya mfano mtu katoka kama jarida, nikiiweka kwangu mtu anakuwa chungwa au kijani ya ajabu. Nadanganywa?

---

Kivuli cha Saa Nane

Hudanganywi, umevaa suti ya mtu mwingine. Preset ni hesabu tu, "ongeza hiki 20, toa kile 15", imepigwa kwa picha iliyokuwa na mwanga wake, ngozi yake na rangi yake ya kuanzia. Picha yako ikianzia sehemu nyingine inafika sehemu nyingine.

Mimi naenda hivi. Kwanza napiga raw (faili ghafi la kamera) sio JPEG (picha ya kawaida iliyobanwa), ukiweza. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi kutoka giza mpaka mwanga, raw ya biti 14 ina 16,384. Na kwenye ngozi nyeusi picha yako nyingi inaishi kule chini kwenye giza, ndo pale pale JPEG imebana. Ukiinua kivuli cha JPEG unapata vidoa vya rangi na mabaka kama ramani. Ukiinua cha raw unapata shavu. Simu nyingi siku hizi nazo zina raw, ichimbe kwenye mipangilio.

Alafu nasawazisha rangi ya mwanga KABLA ya kugusa kingine chochote. Natafuta kitu ninachojua ni cheupe au kijivu kwenye picha, sio ngozi. Ndo maana kabla sijaanza napiga fremu moja mtu ameshika karatasi nyeupe.

Kisha eksposha, yaani mwangaza wa picha nzima. Hapa watu wanaharibu. Wanavuta slaida ya eksposha juu mpaka uso "uonekane", mng'ao unaungua, weusi unageuka moshi. Mimi sigusi eksposha sana, nainua kidogo vivuli, alafu NASHUSHA ule weusi wa chini kabisa ili weusi ubaki weusi. Hivi viwili vinavutana na ndo vinavyotoa ule utajiri, ngozi inakuwa na kina kama mbao iliyopigwa msasa. Angalia histogramu (ule mchoro wenye giza kushoto na mwanga kulia), ile milima ikilalia kushoto usiogope, mtu mweusi mwenye nguo nyeusi mbele ya ukuta mweusi ANATAKIWA alale kushoto. Kitu cha kuogopa ni ukuta mrefu umejibana pembeni kabisa kulia au kushoto, hapo taarifa zimekatika.

Mwisho rangi. Ngozi zetu zote, nyeusi na nyeupe, kwenye programu zinakaa kwenye slaida ya machungwa na kidogo nyekundu na njano. Nyeusi ikitoka kijani ni njano imeelemea huko, isogeze kidogo sana kuelekea machungwa. Ikitoka kama embe lililoiva punguza ukolezi wa machungwa, sio wa picha nzima. Na kuna slaida ya mng'aro wa machungwa, ile ukiivuta juu mtu anageuka mweupe hapo hapo. Ile iacheni.

---

Pikseli Pori

Aah na hiyo ya mwisho ndo wateja wanaitaka bosi 😂 Mteja anakuja anasema "nitoe mweupe mweupe hivi". Utamfukuza?

---

dada_wa_fremu

Mimi simfukuzi. Uso ni wake pesa ni yake, anajua anachokitaka mwenyewe, sisi ni nani.

---

Kivuli cha Saa Nane

Mimi sifukuzi pia. Ila nimegundua kitu, wengi wanaosema "nitoe mweupe" wamezoea kuona picha zao zikitoka kijivu au zimezama, na weupe ndo njia pekee waliyowahi kuonyeshwa ya KUONEKANA. Siku hizi naediti mbili. Ya kwanza na rangi yake halisi, mng'ao umekaa vizuri. Namwonyesha hiyo kwanza, nanyamaza. Akisema bado anataka mweupe nampa ya pili. Kuna wanaobadilisha mawazo na kuna wasiobadilisha.

---

dada_wa_fremu

Na wasiobadilisha? Unawapa kwa moyo mweupe au unanuna?

---

Kivuli cha Saa Nane

Nanuna kidogo.

---

Fundi Flashi

😂😂😂 Angalau mkweli.

Na kulainisha ngozi je? Kuna vijana humu wanaediti mpaka mtu anakuwa ndoo ya plastiki.

---

Pikseli Pori

Unanitazama mimi kwanini.

---

Kivuli cha Saa Nane

Chunusi toa, kesho haitakuwepo. Kovu uliza. Vitundu vya ngozi viache, ule mng'ao wote tuliohangaika nao unakaa juu ya hivyo vitundu, ukivifuta mng'ao unakosa pa kushika unabaki unaelea kama mafuta juu ya maji. Kwenye slaida za programu ile ya kukoleza umbile ukiishusha kidogo usoni tu inatosha, kumi au kumi na tano hasi. Kuza picha mpaka asilimia 100 ufanye, alafu rudi nyuma utazame ukubwa ambao mtu ataiona kwenye simu. Nusu ya vitu ulivyovifuta havikuwa vinaonekana.

Na watu wanauliza sana kuhusu poda na mafuta. Kama mwanga wako ni mpana, mafuta kidogo usoni yanasaidia, mng'ao unakolea unapita vizuri. Kama ni flashi tupu mafuta ni adui, paka poda au mpe kitambaa ajifute. Kitu ni kile kile, mwanga ndo umebadilika.

---

ChumbaGiza

Kwenye hili la mwanga wa bure, mtafuteni Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako kule Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948 na picha zake nyingi alizipiga nje uani, mwanga wa mchana, nyuma ametundika kitambaa, cha kwanza kilikuwa shuka lake la kitandani. Na mara nyingi alibonyeza mara MOJA tu kwa mteja maana filamu ilikuwa ghali. Moja. Sisi tunapiga mia tatu alafu tunatafuta.

Tazameni jinsi anavyowakalisha, kichwa kimeinama kidogo, bega limegeuzwa, na paji la uso lina ule utepe anaousema mleta uzi. Picha nyeusi na nyeupe, hakuna slaida ya machungwa ya kumwokoa.

---

MgeniWaJuzi

Wakuu swali la kijinga. f/1.8, f/2.8, f/4 hizi namba nani alizipanga? Kwanini sio 1, 2, 3, 4? Na namba kubwa mwanga mdogo, akili yangu inakataa.

---

ChumbaGiza

Sio la kijinga, hizo ni namba za kugawia. f/4 maana yake upana wa tundu ni zile milimita za lenzi ugawe kwa 4. Lenzi ya milimita 100 kwenye f/4 tundu lake ni milimita 25, kwenye f/2 ni 50. Ukigawa kwa kikubwa unapata kidogo, ndo maana namba kubwa tundu dogo. Na mpangilio 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16 kila moja ni ya nyuma yake mara 1.4 hivi, kwa sababu eneo la duara linakwenda kwa upana mara upana, 1.4 mara 1.4 ni karibu 2. Kwa hiyo kila hatua mwanga unakatika nusu. Usikariri, ukishajua hilo zinakuja zenyewe.

Na ya bure kabisa tuliyokuwa tunatumia bila kipima mwanga: jua kali la mchana, weka f/16, shata weka sawa na ISO (namba ya wepesi wa filamu au kamera kunasa mwanga), ISO 100 basi 1/100 au 1/125. Jaribu uone.

---

mama_lenzi

Nimerudi. Taa nimezima zote mpaka ya friji nilikuwa naiogopa. Shuka jeupe mkono wa kushoto, nimelitundika kwenye mlango wa kabati. Mdogo wangu kageuza kidevu kidogo kidogo mpaka nikaona vidirisha viwili ndani ya macho yake, nikapiga kelele, akacheka, nikabonyeza akiwa anacheka. Nimeburuta chini kama ulivyosema, kwenye simu ilionekana nyeusi mno nikataka kufuta.

Sijafuta. Nimeinua vivuli kidogo, nimeshusha weusi. Ana ule mstari jamani, unaanzia juu ya nyusi unapita kwenye shavu unaishia kwenye kidevu. Kaiangalia kimya muda mrefu alafu akasema "kumbe nafanana na bibi." Nimetupia hapo chini, niambieni ukweli.

---

Fundi Flashi

Kali sana. Ila nyuma kuna soketi ya umeme inatokeza sikioni kwake kama hereni.

---

mama_lenzi

😭😭 Sikuiona!

---

Kivuli cha Saa Nane

Soketi inafutika sekunde tano. Huo mstari wa shavuni hakuna programu ingekutengenezea. Safi sana dada, kesho jaribu na mawingu nje, mbingu nzima inakuwa dirisha lako, ila utahitaji kumsogeza chini ya kibaraza ili mwanga usitoke juu tupu.

---

MgeniWaJuzi

Mkuu mimi la mwisho. Kile kiatu ulikiuza?

---

Kivuli cha Saa Nane

Jamaa alikuja kukiona, akakigeuza geuza, akafungua picha kwenye simu yake akalinganisha, akasema kwenye picha kilikuwa kizuri zaidi. Akaondoka. Ninacho mpaka leo.